Adrian Atiman, Mganga na Katekista wa Karema

Maji ya Ziwa Kivu hutoka kwa mto Ruzizi na kushuka mpaka Ziwa Tanganyika. Kando ya ziwa hilo la pili, upande wa mashariki, katika nchi ya Tanzania, pana misioni ya zamani iitwayo Karema. Huko alifanya kazi kwa muda wa miaka 67 Mwafrika mmoja aliyekuwa katekista na mganga pamoja. Jina lake ni Adrian Atiman. Alizaliwa mbali sana, akauzwa sokoni kama mbuzi, akakombolewa, akasomeshwa, na mwishowe akawa kimbilio la wagonjwa wa ufuko ule. Alifariki dunia tarehe 24 Aprili 1956.

Wakatekumeni wa Masisi na Walikale wana sababu ya kuyajua maisha ya mzee huyo. Katika milima ya Masisi na katika msitu mkubwa wa Walikale, mtu akizidiwa ghafula hubebwa kwa kipoyi na vijana wa kijiji, na mara nyingi njia ni matope matupu. Akifika hospitali, mgonjwa huona watu asiowajua, husikia wengine wakiugua kwa sauti, tena haelewi atakalotendewa. Hapo huingiwa na hofu, hata huona heri angalibaki kwake. Wengine, kwa kuogopa mambo hayo, hukaa nyumbani mpaka ugonjwa umeishinda dawa. Basi hofu hiyo si jambo dogo, kwa maana huua watu. Adrian Atiman aliijua hofu tangu utoto wake, na kazi yake yote aliifanya kati ya watu wenye hofu.

MTOTO ALIYEIBWA

Atiman alizaliwa karibu na mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali. Zamani zile biashara ya watumwa ilikuwa ingali na nguvu. Watuareg, watu wa jangwani wapandao ngamia, walimkamata angali mtoto, wakampeleka Timbuktu. Huko akauzwa, na mnunuzi wake akavuka naye jangwa la Sahara kwenda upande wa kaskazini.

Safari ya namna ile ilikuwa ya majuma mengi. Mchana mchanga uliunguza nyayo, na usiku baridi iliingia mifupani. Mtoto aliyetwaliwa hivyo hakuwa na mama wala baba wa kumwuliza neno. Hakujua anakopelekwa, wala kama kesho atapewa maji ya kunywa. Kutokujua huko kulikuwa mzigo kupita uchovu wa miguu. Mtu mzima akipatwa na taabu huweza kujituliza kwa kuhesabu siku zilizobaki. Mtoto wa msafara wa watumwa hakuwa na siku za kuhesabu.

Mwaka 1876 Atiman alifika Metlili, mji wa Aljeria penye mitende pembeni mwa jangwa. Hapo walikuwapo Mapadri Weupe, yaani Wamisionari wa Afrika. Wakamwona mtoto, wakatoa fedha, wakamkomboa. Shirika lao lilikuwa bado changa: lilianzishwa mwaka 1868 na Askofu Charles Lavigerie wa Algiers, ambaye baadaye alifanywa Kardinali. Katika mwaka ule ule wa 1876 mapadri watatu wa shirika hilo, walioshika njia ya kwenda Timbuktu, waliuawa jangwani na wale waliowaongoza.

Mtoto aliyekwisha kuuzwa haamini upesi mkono unaonyoshwa kwake. Kwa macho yake, mnunuzi mpya ni sawa na mnunuzi wa kwanza, tofauti ni mavazi tu. Imani hurudi polepole, kwa kupewa chakula kila siku, kwa kuitwa kwa jina lake, na kwa kuona ya kuwa lile aliloahidiwa jana limetimizwa leo. Ndivyo watoto waliokombolewa walivyotunzwa katika nyumba za Kardinali Lavigerie. Atiman alikua kati yao, akajifunza kusoma na kuandika, akafundishwa dini, akabatizwa, akaitwa Adrian.

SHULE YA MALTA

Kardinali Lavigerie alikuwa na shauri lake. Aliona Wamisionari waliotumwa katika nchi za Maziwa Makuu wakifa upesi kwa homa, na watu wa nchi hizo wakiteswa na maradhi bila msaada. Aliona pia ya kuwa Mzungu, hata akiwa mwema namna gani, hubaki mgeni kati ya watu. Akafikiri ya kuwa Waafrika wataponywa vizuri na Waafrika wenzao. Basi akachagua vijana wenye akili kati ya wale waliokombolewa, na mwaka 1881 akawafungulia nyumba katika kisiwa cha Malta, ili wajifunze uganga.

Nia yake haikuwa kuwafanya Wazungu. Alitaka kila mmoja wao, akiisha kusoma, arudi katika bara lake, aoe, ajenge nyumba kama watu wa mahali pale, ale chakula chao na aseme lugha yao. Huku akitibu magonjwa, awe pia katekista, awafundishe watu habari za Mungu. Waliitwa waganga-makatekista. Adrian Atiman alikuwa mmoja wao. Mwenzake mmoja, Joseph Gatchi, alifanya kazi hiyo hiyo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo.

Adrian alimaliza masomo mwaka 1888. Katika mwaka huo Kardinali Lavigerie, ingawa alikuwa mzee, alikwenda Paris, London na Brussels kuwahubiria watu wa Ulaya juu ya ubaya wa biashara ya watumwa. Wakati yeye akisema makanisani na katika mikutano, kijana aliyekombolewa utumwani alikuwa akijitayarisha kwenda kuwatibu watumwa wengine.

SAFARI YA KWENDA KAREMA

Adrian alisafiri pamoja na Wamisionari kwa njia ya Zanzibar, kisha akashika njia ya bara. Zamani zile hapakuwa na reli wala motokaa. Wasafiri walikwenda kwa miguu zaidi ya kilomita 1000, wakipita mapori, mabwawa na nchi zenye vita. Hiyo ilikuwa mara ya pili katika maisha yake kwenda na msafara mkubwa. Mara ya kwanza alikuwa mali ya mwingine. Safari hii alikuwa mganga wa msafara, mwenye dawa na vyombo vyake.

Mwaka 1889 alifika Karema. Mahali pale palikuwa na ngome iliyoanzishwa mwaka 1879 na Wabelgiji waliotumwa na Mfalme Leopold II. Mwaka 1885 ngome hiyo ilitolewa kwa Mapadri Weupe, nao wakaifanya misioni. Kuizunguka walikaa wenyeji, wakimbizi na watumwa waliokombolewa. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Mpala, Kapteni Léopold Joubert alikuwa akiwalinda watu wasikamatwe na wafanya biashara ya watumwa. Nchi zote mbili zilikuwa zimechoshwa na vita.

Basi watu waliomjia Adrian walikuwa watu wa namna gani? Wengi walikuwa wameona nyumba zikiteketezwa. Wengine walikuwa wametengwa na ndugu zao, wengine wamefungwa minyororo. Watu kama hao hawaugui mwili peke yake. Mlango ukigongwa usiku hushtuka, na mtu asiyemjua akiwakaribia hurudi nyuma. Adrian alikuwa mgeni katika nchi ile, lugha yake ya utoto ilikuwa nyingine kabisa. Lakini jambo hilo moja hakuhitaji kufundishwa na mtu, kwa sababu lilikuwa limempata mwenyewe.

NYUMBA YAKE KATI YA WATU

Adrian hakukaa kando. Alimwoa Agnes Wansahira, binti ya mtemi wa Wabende, kabila la nchi ile. Kwa ndoa hiyo alipata shemeji, wakwe na majirani, akawa mwenyeji. Mwana wao Joseph alipata kuwa padri.

Jambo hilo lilikuwa na faida kubwa kwa wagonjwa. Mgonjwa akimwona mganga akikaa katika kijiji kile kile, akila ugali na samaki kama yeye, akizika wafu pamoja na wengine na kucheka nao arusini, hamwogopi tena. Anajua anakolala, anamjua mkewe, anaijua tabia yake. Akiambiwa ya kuwa kidonda lazima kipasuliwe, ataogopa kisu, lakini hatamwogopa mwenye kukishika.

DAWA CHACHE, KAZI NYINGI

Ni vizuri kukumbuka hali ya uganga siku zile. Adrian alipofika Karema, palikuwa na kwinini kwa homa, palikuwa na dawa za kuosha vidonda na dawa nyingine kidogo. Penisilini ilivumbuliwa mwaka 1928, tena haikuanza kutumiwa kwa watu wengi mpaka miaka ya 1940, wakati Adrian alipokuwa amekwisha kuwa mzee. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya mganga wa wakati ule ilikuwa kuosha, kufunga vidonda, kunyosha mifupa iliyovunjika, kupasua majipu, na kukesha na mgonjwa mpaka homa ishuke. Adrian hakuyadharau majani na mizizi ya nchi. Alizitumia pia dawa za wenyeji zilizofaa.

Hata hivyo alikuwa na jambo moja la kupambana nalo kila siku. Watu wa zamani, mgonjwa akizidiwa, walikwenda kwa mpiga ramli. Huyo hutaja mtu, na tangu saa ile mgonjwa anayo hofu mara mbili: anaogopa ugonjwa, tena anamwogopa jirani yake. Nyumba mbili huchukiana, pengine mzee asiye na kosa hufukuzwa kijijini, na ugonjwa unabaki pale pale. Mganga-katekista alitakiwa kufanya kinyume: kueleza kwa maneno wazi ni kitu gani kinachoumiza, ni kitu gani kitakachofanywa, na kufundisha ya kuwa maisha ya mtu yamo mikononi mwa Mungu, hayamo katika vibuyu vya mpiga ramli. Hapo uganga na ukatekista vilikuwa kazi moja.

Maradhi makubwa hayakukosekana. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yalienea kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1914 vita vya Wazungu vilianza, na ziwa lenyewe likawa mahali pa kupigania. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia katika nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani. Mwaka 1918 na 1919 mafua makali yalipita Afrika nzima na kuua watu wengi sana. Serikali zilibadilika: kwanza Wajerumani, kisha Waingereza. Maaskofu na mapadri walikuja, wakafa au wakahamishwa. Adrian alibaki Karema. Mtoto aliyetibiwa naye mwaka 1890 aliweza kumletea wajukuu wake awatibu.

Kudumu huko kulikuwa dawa. Mgonjwa aletwapo mahututi hana wakati wa kuanza kumzoea mtu. Lazima amwamini mara moja. Adrian alikuwa amekwisha kuaminiwa kabla ugonjwa haujaingia nyumbani. Mtu wa Karema akiumizwa na mnyama porini, au mwanamke akishindwa kujifungua, ndugu hawakuhitaji kubishana usiku kucha juu ya kwenda kwa mganga au kutokwenda. Walijua njia, walijua na mtu. Saa zilizookolewa hivyo ni uzima wa watu.

UZEE NA KIFO CHAKE

Adrian alizeeka katika kazi. Habari zake zilienea, akapewa nishani za heshima na Kanisa, hata Ulaya walimjua. Yeye mwenyewe alisimulia maisha yake, na habari hizo zilichapwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Alipofariki tarehe 24 Aprili 1956 alikuwa na umri wa miaka karibu 90, na miaka 67 kati ya hiyo alikuwa ameitoa kwa Karema. Mtumwa mdogo wa Timbuktu alizikwa kama mzee wa nchi.

Jina lake halikusahauliwa. Huko Sumbawanga, katika nchi hiyo hiyo ya kusini magharibi mwa Tanzania, pana hospitali iitwayo kwa jina la Dokta Atiman. Katika mji wa Dar es Salaam nyumba ya Wamisionari wa Afrika huitwa Atiman House.

FUNDISHO KWA WATU WA MASISI NA WALIKALE

Wilaya za Masisi na Walikale zimeonja uchungu uliofanana na ule wa Karema ya kale. Mwaka 1993 vita vilianza huko Ntoto katika Walikale, vikaenea Masisi, na tangu hapo vijiji vingi vimehama mara kwa mara. Kuna hospitali Masisi, Mweso na Kirotshe, kadhalika Walikale na Pinga. Lakini milima ni mirefu na msitu ni mpana. Anayefika katika chumba cha dharura, yaani mahali wapokelewapo waliozidiwa ghafula, mara nyingi amekwisha kuogopa njiani kwa saa nyingi. Pengine yeye husema Kihunde au Kinyarwanda au Kinyanga, na muuguzi ni mtu wa mahali pengine. Tena anawaza gharama, anawaza watoto aliowaacha nyumbani, anawaza kama atakufa mbali na wazee wake.

Hofu hiyo ina nguvu juu ya mwili. Moyo hupiga mbio, pumzi huwa fupi, na maumivu huzidi. Mwenye hofu nyingi husahau kusema dawa aliyokwisha kunywa nyumbani, au huficha, na kwa kuficha huweza kupewa dawa isiyopatana na ile ya kwanza. Florence Nightingale, Mwingereza aliyeandika juu ya kazi ya uuguzi mwaka 1859, alikwisha kuonya ya kuwa mgonjwa akiachwa katika mashaka hudhurika mwili wake.

Jambo liwaumizalo watu wengi katika chumba cha dharura ni kungoja. Mtu amefika asubuhi na mkono uliovunjika. Kisha anakuja mwingine mchana, naye anapokelewa mara moja. Yule wa kwanza hudhani amedharauliwa kwa sababu ya ukabila wake au umaskini wake, akarudi kijijini na kusema ya kuwa wauguzi wana upendeleo. Lakini mara nyingi sababu ni nyingine. Mganga mzuri hafuati zamu ya kufika; hufuata hatari. Mtoto mwenye degedege, mwanamke anayetokwa na damu, mtu asiyeweza kuvuta pumzi, hao hutangulizwa, kwa kuwa dakika chache zaweza kuwaua. Katika hospitali nyingi hatari huonyeshwa kwa rangi: nyekundu kwa asiyeweza kungoja hata kidogo, manjano kwa awezaye kungoja kitambo, kijani kwa asiye na hatari kubwa. Desturi ya kuwachagua wagonjwa hivyo ilipata nguvu katika vita vya Napoleon, zaidi ya miaka 200 iliyopita. Dominique Larrey, mganga Mfaransa, alitaka majeruhi watibiwe kwa kadiri ya jeraha, asiulizwe mtu kama ni mkubwa au askari wa kawaida. Basi aliyeambiwa angoje ajue ya kuwa, pengine, ameambiwa habari njema: hatari yake si kubwa kama ya mwenzake.

Walakini habari njema isiyotamkwa haimfariji mtu. Hapo ndipo maisha ya Adrian Atiman yanapowafundisha wauguzi. Muuguzi mwenye wagonjwa wengi na mikono miwili hawezi kukaa na kila mmoja. Lakini aweza kumsalimu anayefika, kutaja jina lake mwenyewe, kumfunika aliye uchi, kumwambia kabla ya kumchoma sindano ya kuwa atachomwa sasa, na kumweleza anayengoja kwa nini anangoja. Maneno hayo huchukua muda mfupi kuliko kumbembeleza mtu aliyekwisha kufadhaika. Mgonjwa hana elimu ya kupima kama dawa aliyopewa ni sawa. Huipima hospitali kwa namna alivyopokelewa mlangoni. Akipokelewa kwa ukali, dawa itamponya, lakini mwaka ujao mtoto wake akiugua atakawia kumleta, na mtoto atakufa kwa sababu ya ukali wa siku ile moja.

Wakatekumeni nao wana kazi yao. Kijiji kinapombeba mgonjwa, mmoja anayejua kusema lugha ya hospitali aende pamoja naye, apate kutafsiri. Aeleze ugonjwa ulianza lini, na ni dawa gani zilizotumika, hata zile za majani, bila kuona haya. Ndugu wakiingia chumba cha dharura, wasimzunguke mgonjwa kwa vilio. Mmoja abaki karibu naye amshike mkono, wengine wangoje nje wakiwa tayari kusaidia, kwa mfano kutoa damu ikihitajiwa. Wakiona ya kuwa wamengojeshwa mno, au hali ya mgonjwa inageuka, wamwendee muuguzi na kuuliza kwa heshima. Kuuliza si ugomvi. Na wakirudi kijijini waseme kweli tu waliyoiona, wasiongeze, kwa sababu uvumi mmoja juu ya hospitali waweza kumzuia mama mjamzito asiende kujifungulia mahali salama.

Adrian Atiman hakuwa na jengo kubwa wala mashine. Alikuwa na elimu aliyoipata Malta, dawa chache, na miaka mingi ya kukaa na watu wale wale. Alitwaliwa kwao akiwa mtoto asiyejua anakokwenda, akapata kwa wageni mikono ya kumpokea. Kisha kwa miaka 67 akawapokea wengine. Katika Masisi na Walikale wako wagonjwa wanaobebwa leo kwa kipoyi nao hawajui wanakokwenda. Mkatekumeni anayeuliza atende nini kabla ya siku ya Ubatizo wake, aanze kwa mmoja wao: ashike ncha moja ya kipoyi, na njiani amweleze mgonjwa kwa upole habari za mahali wanapompeleka.